Sura ya Tatu: Kura ya Kigae

Mwaka 1937, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba ubavu wa kaskazini wa kilima cha Akropoli, mjini Athens, walifika kwenye kisima cha kale kilichokuwa kimefukiwa. Kiongozi wao, Oscar Broneer, alitoa humo vigae 190 vya vyombo vya udongo, na vyote vilikuwa vimekwaruzwa jina la mtu mmoja: Themistocles, mwana wa Neocles. Vingi vilikuwa vitako vya vikombe vya mvinyo, vya mviringo, vinavyoenea kiganjani kama kisahani cha kahawa. Mwandishi alichukua kitu chenye ncha, akakandamiza mpaka weusi wa juu ukabanduka na wekundu wa udongo ukachungulia kwa chini. Herufi zimekwenda pogo hapa na pale, lakini jina linasomeka.

Broneer aliviweka vigae vyake pamoja, akalinganisha miandiko. Ndipo alipogundua kwamba vigae vilikuwa 190, lakini mikono iliyoviandika ilikuwa 14 tu.

Nimeanza na kisima hiki kwa makusudi. Ugiriki ya kale tumezoea kuonyeshwa ikiwa nyeupe: nguzo za marumaru, sanamu za marumaru, wazee wa marumaru wenye ndevu na macho yasiyo na mboni. Hata weupe wenyewe haukuwako, maana sanamu zile zilipakwa rangi nyekundu, buluu na manjano, na ni mvua na karne nyingi zilizozivua. Anayetaka kuwaona Wagiriki wakiwa watu, wakifanya kazi, wakigombana, wakijisifu na wakioneana wivu, aache marumaru kwa muda atazame udongo. Ustaarabu ule ulikula, ukanywa, ukaandika na kupiga kura kwa udongo, na udongo uliokwisha kuchomwa hauozi.

Kwetu kigae ndicho kituo cha mwisho cha maisha ya chungu. Chungu kikishavunjika, kipande chake huokotwa kikatiliwa makaa na ubani, au hutupwa uani watoto wakakichezea. Wagiriki walikiita ostrakon, neno walilolitumia pia kwa gamba la kombe. Mafunjo ya kuandikia yalitoka Misri kwa meli na hayakuwa kitu cha kuchezea, lakini vigae vilitapakaa bure kila kichochoro. Basi waliviandikia hesabu, maagizo, majina ya wapenzi na matusi. Na mara moja kwa mwaka, wakiamua hivyo, walivitumia kumtoa nchini mtu mkubwa.

Sheria hiyo inasemwa kuwa ni ya Cleisthenes, yule aliyeupanga upya utawala wa Athens mwaka 508 K.K. baada ya mji kuchoshwa na watawala wa mabavu. Ilitumika mara ya kwanza mwaka 487 K.K. Katika majira ya baridi mkutano wa raia uliulizwa swali moja tu: mwaka huu tupige kura ya kigae au tusipige? Hakutajwa mtu, hakusimama mshitaki wala mtetezi. Wakikubali, siku ilipangwa wiki kadhaa mbele. Siku hiyo uwanja wa soko, agora, ulizungushiwa mbao, ikaachwa milango kumi, mmoja kwa kila kabila la raia. Kila mtu aliingia kwa mlango wa kabila lake, kigae mkononi, maandishi yakiwa yametazama chini. Maofisa walihesabu kwanza vigae vyote kwa jumla. Visipofika 6,000 basi, kila mtu arudi kwake. Vikifika, vilipangwa kwa majina, na mwenye vingi zaidi alipewa siku kumi za kufungasha.

Angekaa nje ya nchi miaka kumi. Shamba lake lilibaki lake, nyumba yake ilibaki yake, na mapato yake aliendelea kuyapata huko aliko. Muda ukiisha alirudi akiwa raia kamili, asiye na doa la kisheria, kwa kuwa hakuwa amehukumiwa kwa kosa lolote. Alikuwa amekua kupita kiasi, basi.

Wapo wanaoisoma sheria hii wakaona wivu wa watu wadogo dhidi ya mtu mkubwa. Mimi naona mji uliokwisha kuonja utawala wa mabavu na ukatafuta njia ya kumpunguza mwenye nguvu bila kumwaga damu yake wala kuwafilisi watoto wake. Siasa za zama zile zilijua sana upanga na sumu. Miaka kumi ugenini, huku mashamba yako yakilimwa nyumbani, ni adhabu ya huruma ukiilinganisha na hizo.

Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, anasimulia kisa cha Aristides, ambaye watu walimpa jina la utani la Mwadilifu. Siku ya kura, mwaka 482 K.K., mkulima mmoja asiyejua kuandika alimfuata Aristides bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina kwenye kigae. Jina gani? Aristides. Akamuuliza, huyo mtu amekukosea nini? Mkulima akajibu kwamba hata hamjui, ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa mwadilifu. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae. Kisa hiki huenda kilitiwa chumvi safarini, lakini kufukuzwa kwa Aristides ni kweli, na ni kweli pia kwamba baada ya miaka miwili tu aliitwa arudi, kwa sababu Mfalme Xerxes wa Uajemi alikuwa njiani na jeshi lake na mji ulihitaji kila mwenye akili.

Aliyeshinda vita hiyo ni Themistocles wa vigae vyetu. Mwaka 483 K.K. mshipa mkubwa wa fedha uligunduliwa katika migodi ya Laurion, kusini mwa Athens. Wengi walitaka fedha hiyo igawiwe raia, kila mtu na fungu lake. Themistocles akawashawishi waijengee manowari 200. Mwaka 480 K.K., kwenye mlangobahari mwembamba wa Salamis, merikebu hizo zilizibana za Waajemi mahali ambapo wingi wao uligeuka kuwa balaa, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Athens ilikuwa imekwisha kuchomwa moto. Wake na watoto walikuwa wamevushwa ng'ambo. Bila uamuzi ule wa fedha ya Laurion hakuna mji ambao wangerudi kuujenga.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Themistocles hakuacha kuwakumbusha watu alichowatendea. Alijenga karibu na nyumba yake hekalu la mungu Artemis, akampa sifa ya Mshauri Bora, na kila mpita njia alielewa ni ushauri wa nani uliokuwa ukisifiwa. Kiasi cha miaka kumi baada ya Salamis vigae vilimwangukia.

Tuirudie basi ile mikono 14. Vigae vilivyotupwa kisimani inaelekea havikupigiwa kura kamwe. Kuna watu walikaa pamoja, wakakusanya vitako vya vikombe, wakaandika jina moja mara nyingi, ili siku ikifika wawagawie wasiojua kuandika na wale ambao bado hawajaamua. Vilivyobaki vikatupwa. Msomaji aliyewahi kuona mawakala wa mgombea wakigawa fulana na kanga alfajiri ya siku ya kampeni hahitaji maelezo zaidi. Demokrasia haikuwa na ujana usio na hila. Ilizaliwa pamoja na mipango yake ya chini kwa chini, na ushahidi tunaweza kuushika mkononi.

Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa Kijerumani walifukua vigae vingine kiasi cha 8,500 katika mtaa wa Kerameikos, kaskazini-magharibi ya mji wa kale. Wapiga kura wengine hawakuridhika na jina tupu. Mwanasiasa Megacles alitajwa pamoja na farasi wake, maana kufuga farasi wa mashindano ilikuwa anasa ya matajiri. Cimon, mwanasiasa mwingine, aliambiwa aondoke na amchukue dada yake Elpinike, dongo la wazi kwa uvumi uliozagaa mjini. Hao ndio raia wa Athens, wenye hasira, wenye umbeya, na wenye uhakika kwamba neno lao litahesabiwa.

Jina Kerameikos linatokana na keramos, udongo wa kufinyangia. Mtaa huo ulikuwa wa wafinyanzi, na pembeni mwake, nje ya ukuta, palikuwa makaburi. Kijito cha Eridanos kilipita hapo kikiwapa maji. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kilichofanywa na mikono ya watu hawa kiliwashinda wanasayansi kukieleza kwa muda mrefu sana.

Udongo wa Attica una chuma kingi, na ukichomwa hutoa rangi ya chungwa lililoiva. Mfinyanzi aliuloweka, akauacha utuame, akamwaga maji ya juu na kuondoa mchanga wa chini, akarudia tena na tena. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee wetu, na mfinyanzi wa Athens alijua saa hiyo ilivyo fupi: mwili wa mtungi ulitoka kwenye gurudumu vipande vipande, ukaachwa ukauke kidogo, kisha shingo, kitako na mikono vikaungwa kabla haujawa mgumu. Baada ya hapo alikuja mchoraji. Hakuwa na rangi nyeusi. Alichochovya ni uji mwepesi wa udongo uleule, uliochujwa mpaka zikabaki chembe ndogo kuliko zote. Alipokuwa akichora, mchoro na mtungi vilikaribiana rangi, kiasi kwamba alihitaji jicho kali kuona alipopita.

Uchawi, kama nitaruhusiwa neno hilo, ulikuwa ndani ya joko. Kwanza moto uliwashwa na matundu yakaachwa wazi, joto likapanda hadi karibu digrii 800, na kila kitu kikawa chekundu. Kisha mchomaji aliziba matundu akatia kuni mbichi. Moshi ukajaa, joto likafika kama digrii 950, chuma kilichomo katika udongo kikanyang'anywa oksijeni, na chombo chote kikageuka cheusi, mwili na mchoro pamoja. Katika joto hilo ule uji wa chembe ndogo ulianza kuyeyuka na kujifunga kama kioo. Mwisho akafungua matundu tena huku joto likishuka. Hewa ikaingia. Mwili wa mtungi, wenye vinyweleo, ukavuta hewa na kurudi kuwa mwekundu. Sehemu iliyojifunga haikuweza kuvuta kitu, ikabaki nyeusi, inang'aa kama mpingo uliopigwa msasa. Yote haya yalifanyika katika moto mmoja, bila kipimajoto, kwa mtu aliyechungulia kitundu na kuhukumu kwa rangi ya mwali. Akifungua mapema, weusi unapotea. Akichelewa, anatoa jokoni shehena nzima ya vyungu vyeusi tititi. Siri hii ilipotea zama za kale zilipokwisha, na ni mwaka 1942 tu ambapo mwanakemia wa Kijerumani, Theodor Schumann, alieleza jinsi ilivyofanyika.

Wachoraji walijua thamani yao. Exekias, aliyefanya kazi kati ya miaka ya 540 na 530 K.K., alitia sahihi kwamba yeye ndiye aliyefinyanga na yeye ndiye aliyechora. Mtungi wake mashuhuri kuliko yote, ulioko leo katika makumbusho ya Vatican, unaonyesha mashujaa wawili wa vita ya Troy, Achilles na Ajax, wameketi wakicheza mchezo wa kete. Vita imesimama, au wameisahau. Achilles bado amevaa kofia ya chuma. Ajax ameivua, ameiweka juu ya ngao nyuma yake. Wote wawili wameshika mikuki kwa mkono mmoja, vichwa vimeinama, na mistari ya migongo yao inafuata tumbo la mtungi kana kwamba mtungi ulifinyangwa kwa ajili yao. Majoho yao yametiwa nakshi nyembamba kuliko uzi wa kofia ya vito. Kutoka kinywani mwa kila mmoja yanatoka maneno madogo: huyu anasema nne, yule anasema tatu. Achilles anashinda.

Mtazamaji wa wakati ule alijua yaliyo mbele. Achilles atauawa kwa mshale, na ni Ajax atakayebeba maiti yake kutoka vitani. Baadaye Ajax naye atanyimwa silaha za rafiki yake, atapatwa na wazimu wa aibu, atajiua. Katika mtungi mwingine wa Exekias, uliopo Boulogne, Ufaransa, Ajax yuko peke yake, amechuchumaa, anausimika upanga wake ardhini na kushindilia udongo kwa mkono ili usiyumbe. Sijui picha nyingi za kifo zilizo na utulivu wa namna hiyo. Wengine wangechora damu. Exekias alichora kazi ya mikono, mtu akipanga jambo lake vizuri.

Kizazi kilichofuata, kuanzia kama mwaka 520 K.K., kiligeuza mambo: usuli ukawa mweusi na watu wakaachwa katika rangi nyekundu ya udongo, hivyo misuli na mikunjo ya nguo ikachorwa kwa brashi badala ya kukwaruzwa. Wachoraji waliingia katika ushindani wa kujaribu kila pozi la mwili. Mmoja wao, Euthymides, aliandika kwenye mtungi ulioko leo Munich kwamba Euphronios hakupata kamwe kufanya kazi kama ile. Ni majigambo ya mafundi wawili wa mtaa mmoja, yamedumu miaka 2,500.

Sehemu kubwa ya mitungi hii haikukutwa Ugiriki. Ule wa Exekias ulitoka kaburini huko Vulci, Italia, kwa kuwa matajiri wa Etruria walipenda vyombo vya Athens wakazikwa navyo. Huko huko Italia, Chiusi, zilipatikana katika miaka ya 1840 sehemu za chombo kikubwa cha kuchanganyia mvinyo kilichofinyangwa na Ergotimos na kuchorwa na Kleitias karibu mwaka 570 K.K. Kina urefu wa sentimeta 66 na kina watu na wanyama wapatao 270, wengi wameandikiwa majina yao. Mwaka 1900, katika makumbusho ya Florence, mlinzi mmoja katika hasira alikirushia kigoda. Kilipasuka vipande 638. Fundi Pietro Zei akaviokota, akaviunga kimoja kimoja, na chombo kikasimama tena. Kilitengenezwa upya kwa mara nyingine mwaka 1973. Kinachotazamwa Florence leo ni vigae vilivyokubali kurudi kuwa chombo.

Nimetaja maandishi mara nyingi, na haya nayo yana asili yake udongoni. Mwaka 1871, karibu na lango la Dipylon hapo hapo Kerameikos, ulipatikana mtungi mdogo wa mvinyo wa karibu mwaka 740 K.K. Begani mwake kuna mstari wa herufi zilizokwaruzwa, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kigiriki yanayojulikana. Yanasema kwamba mtungi ni zawadi ya yule atakayecheza ngoma kwa wepesi kuliko wenzake. Inanifurahisha kwamba maandishi hayo hayamtaji mfalme wala kodi.

Herufi hizo waliziazima kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Aliyepita chuoni na kuanza na alifu na be atazitambua mara moja: alifu ndiyo alfa, be ndiyo beta. Lakini lugha za Kisemiti huandikwa kwa konsonanti, na Kigiriki, kama Kiswahili, hakiwezi kwenda bila irabu. Washairi wetu walioandika tenzi kwa hati ya Kiarabu walilijua tatizo hili, alama moja ikilazimika kubeba e na i, nyingine o na u, msomaji akikisia. Wagiriki walizichukua herufi za Kifoinike zilizotaja sauti wasizokuwa nazo wakazigeuza irabu. Alifu ikawa a, aini ikawa o. Tangu hapo sauti zote zikawa na alama, na mtoto wa mfinyanzi aliweza kujifunza kusoma bila kukaa miaka mingi kwa mwandishi wa hekalu. Bila hatua hiyo kura ya kigae isingewezekana.

Nani basi hakupewa kigae? Swali hili linapasa kuulizwa kwa sauti, kwa sababu vitabu vingi hulipitia mbio. Wanawake hawakupiga kura. Wanachorwa kwenye mitungi ya maji wakiwa wamepanga foleni kisimani, mitungi kichwani, wakizungumza, lakini katika mkutano wa raia hawakuwa na sauti. Wageni wakaazi, hata wakae vizazi vitatu, hawakupiga kura wala kumiliki ardhi. Aristotle mwenyewe, mtu wa Stageira, aliishi Athens kwa hali hiyo. Na watumwa walikuwa kila mahali. Ile fedha ya Laurion iliyojenga manowari za uhuru ilichimbwa na watumwa, waliotambaa katika mashimo membamba na taa za mafuta.

Ushahidi wa wazi zaidi uko juu ya Akropoli. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, za miaka ya 409 hadi 407 K.K., zilichongwa kwenye mawe na zimesalia. Miongoni mwa wafanyakazi ambao hali yao inajulikana, 24 ni raia, 42 ni wageni wakaazi na 20 ni watumwa. Walichonga nguzo zilezile bega kwa bega, na ujira ulikuwa drakma moja kwa siku, sawa kwa wote. Tofauti ni kwamba ya mtumwa iliishia mkononi mwa bwana wake. Ukisimama mbele ya nguzo hizo huwezi kuonyesha kidole ukasema huu ni mfuo wa raia na huu wa mtumwa. Kwa hiyo tusemapo Wagiriki walijenga, neno Wagiriki libebe watu wote hao, la sivyo tunarudia kosa la Athens yenyewe. Hata Kerameikos, mfinyanzi mmoja hodari aliitwa Amasis, jina la Kimisri.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yalifika kwa njia mbili, na zote mbili zilipita baharini. Ya kwanza ni ya maneno. Katika karne ya 9 huko Baghdad, watafsiri kama Hunayn ibn Ishaq walikuwa wakihamishia Kiarabu vitabu vya tiba na falsafa vya Wagiriki, lakini maneno mengi yalikuwa yametangulia zamani kwa biashara. Kalamu ni kalamos, unyasi uliochongwa ncha. Karatasi ni khartes. Kanuni ni kanon, ufito ulionyooka wa seremala wa kupimia. Jinsi ni genos, dirhamu ni drakma ileile ya mafundi wa Erechtheion, na falsafa ni kupenda hekima. Neno shule lilitujia kwa Wajerumani, lakini mzizi wake ni skhole, wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi. Na kondakta wa daladala anapodai nauli, anatamka naulon, malipo ya abiria wa merikebu. Ndilo neno ambalo Wagiriki walilitumia pia kwa sarafu aliyolipwa Charon, mvushaji wa wafu.

Njia ya pili ni kijitabu. Katikati ya karne ya 1 B.K., mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza bandari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Pwani yetu anaiita Azania, na soko lake la mwisho kusini Rhapta. Jina hilo, anaeleza, limetokana na mashua zilizoshonwa, kwa sababu Kigiriki cha kushona ni rhapto. Mabaharia wa Lamu walishona mitepe yao kwa kamba za nazi hadi zama za babu zetu. Anaorodhesha pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa vikitoka, mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vikiingia. Nakala ya karne ya 10 ya kitabu hicho imehifadhiwa Heidelberg, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoisimulia pwani hii.

Mwaka 1971 Samuel Mushi alipochapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Mgiriki Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode, alikuwa akiendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza kitambo.

Ukijaliwa kufika Athens, usikimbilie Akropoli moja kwa moja. Shuka kwanza katika uwanja wa agora, uingie jengo la Stoa ya Attalos, lililojengwa upya kati ya 1953 na 1956. Humo kuna saa ya maji ya mahakamani, ndoo mbili tu za udongo, ya juu ikimwagia ya chini kwa dakika sita ili msemaji asizidishe. Kuna jiwe lenye safu za matundu lililotumika kuchagua raia wa kushika kazi za umma kwa bahati nasibu. Na kuna kabati la kioo lenye vigae. Inama usome. Utaliona jina la Themistocles, limekwaruzwa na mtu ambaye manowari za Themistocles zilimrudishia mji wake.

Themistocles mwenyewe hakurudi. Alifia Magnesia, katika Asia Ndogo, akiwa mtumishi wa mfalme wa Uajemi, mwana wa Xerxes yuleyule aliyeshindwa Salamis.